Songa Kushoto Kidogo

Shangazi yangu hakuwahi kupita mlangoni bila kuukadiria mlango wenyewe. Miaka arobaini na mbili ya kushona sare za shule ilimfanya aione dunia nzima kwa inchi, na ile futi yake ya kitambaa ilikaa shingoni tangu anapoamka mpaka anapolala, hata msibani. Mtaani walimwita Mama Futi. Wapo wateja waliomjua kwa miaka kumi bila kulijua jina lake lingine, naye hakujisumbua kuwaambia.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita, Shangazi akanichukua, akanilea katika nyumba aliyoijenga kwa sketi na kaptula za watoto wa watu: vyumba vitatu, sebule, na chumba cha mbele chenye cherehani mbili na dirisha linalotazama barabara. Hakuzaa, na alishaniambia zaidi ya mara moja kwamba nyumba ile ingekuja kuwa yangu. Niseme mapema kwamba sina moyo kama wake. Nina hasira za karibu. Nachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi, na kazi hiyo imenifundisha kumshuku kila anayeshika kalamu. Katika haya ninayoyasimulia nilikuwa upande wa wajanja, na bado naona haya.

Ukitaka kumjua Mama Futi ilibidi umwone akifanya kazi na mtu. Hakuweza kumwacha mtu afanye. Kwa nyakati mbalimbali aliajiri washonaji wawili kumsaidia, na wote wawili waliondoka kwa sababu moja: alisimama nyuma ya kiti akielekeza kila mshono. Kunja hapo. Rudi nyuma. Vuta kidogo. Hata nilipofagia alinionyesha pa kuanzia. Hakuwa mkali wala hakuwa na dharau. Alipenda tu mstari ulionyooka, na ndani ya moyo wake aliamini kwamba hakuna mstari unaonyooka yeye asipokuwepo.

Mwaka ule bati za nyumba zilikuwa zimeliwa na kutu kiasi kwamba mvua ikinyesha tulipanga ndoo sebuleni na kuongea kwa sauti ya juu ili tusikilizane. Shangazi akaamua paa liezekwe upya. Kwanza ikaja kampuni. Yule mtu wao alivaa kofia ngumu hata akiwa amekaa kwenye kochi letu, akatoa karatasi saba, mojawapo ikieleza kwamba mafundi wao wote wana bima ya kuumia kazini. Alipotaja bei, Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamshukuru kwa kuja.

Wa pili alikuwa fundi wa mtaani, mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa kuongea. Walimwita Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya paa kama sisi tunavyotembea sebuleni. Alipanda kwa ngazi yetu ya mbao, akavuka bati zote bila kishindo, akashuka na kumweleza Shangazi ni papi zipi zimeoza, yaani zile mbao nyembamba zinazobeba bati, na ni zipi bado zinafaa. Hakupiga chuku ili apate kazi kubwa zaidi. Shangazi alimpenda papo hapo.

Mimi, kwa kutaka kuonekana najua mambo, nikauliza habari za bima. Paka akasema yuko juu ya mapaa mwaka wa ishirini na sita sasa na bima yake ni miguu yake. Shangazi akanitania: "Huyu anapanda paa, mwanangu, hapandi ndege." Tukacheka wote watatu. Kicheko kile nakikumbuka kila ninapochapa fomu yenye neno bima.

Kazi ilianza Jumatatu. Na mnajua tena Mama Futi. Siku ya kwanza alivumilia mpaka saa nne, kisha akafunga cherehani, akavuka barabara na kusimama ng'ambo, mahali anapoweza kuliona paa lote, jicho moja amelifumba. Kuanzia hapo Paka hakuweka bati bila kuelekezwa. Shangazi alitaka migongo ya bati za juu ikutane na migongo ya bati za chini kama mistari ya kitambaa inavyokutana kwenye mshono. Alimpa chaki yake ya kushonea, ile bapa ya bluu, apige alama kila mahali pa msumari. Fundi mwingine angeshuka na kuondoka zake. Paka alijibu "Sawa, Mama" kila mara, na ninaapa alikuwa akifurahi kumpata mtu anayejali kazi kiasi kile.

Jumatano saa tisa mchana nilikuwa nimerudi mapema, nimekaa kwenye dirisha la mbele na kikombe cha chai. Paka alikuwa amefika sehemu ambayo bati za zamani zilishatolewa na papi zilikuwa wazi. Akasema kutoka juu kwamba anashuka kuchukua ubao mrefu autandike, apate pa kukanyaga, kwa maana papi za upande wa kushoto hakuziamini. Lakini Shangazi alikuwa ameliona bati la mwisho limepishana na la chini yake kwa unene wa kidole. Akamwambia alirekebishe kwanza, ubao utakuja baadaye.

"Songa kushoto kidogo," alisema, "nione."

Paka akatazama kushoto. Akamtazama Shangazi. Kisha akasema sawa, Mama, akasonga.

Papi ilikatika. Alipita kwenye dari na kuangukia sakafu ya sebule, hatua tano kutoka nilipokaa, vumbi la miaka yote ya nyumba ile likimfuata. Shangazi alivuka barabara bila kutazama magari. Nilipoweza kuinuka alikuwa ameshapiga magoti na kumwekea rundo la sketi za shule chini ya kichwa. Mguu wa kulia ulielekea mahali ambapo mguu hauelekei. Na yule mtu, uso umekuwa mweupe kwa vumbi la dari, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa hiki: "Samahani, Mama. Nimekuharibia dari."

Nyonga ilivunjika, na paja mahali pawili. Shangazi alikaa hospitali mpaka alipoambiwa fundi ameshatolewa chumba cha upasuaji, akarudi nyumbani na kukaa kwenye kiti chake cha kushonea bila kushona.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Asubuhi iliyofuata nilikwenda ofisi ya bima iliyo jirani na duka letu, kwa dada mmoja ambaye huwa namtolea fotokopi. Nilidhani nyumba ikiwa na bima ya moto basi mambo yamekwisha. Akacheka kwa huruma. Bima ile, alisema, ni ya nyumba kuungua, si ya mtu uliyemwita kufanya kazi. Kama fundi angekuwa na bima yake, mzigo wote ungekuwa wa bima. Hana, basi swali linabaki moja tu: alikuwa mkandarasi anayejitegemea, au alikuwa kibarua wenu? Kama alifanya kazi kwa uamuzi wake na vifaa vyake, ajali ni yake. Kama alifuata amri zenu na kutumia vifaa vyenu, mbele ya sheria nyinyi ni waajiri wake, na matibabu na riziki yake viko juu yenu. Nikamuuliza watu wa kawaida wanalipa kwa kitu gani. Akainua mabega. "Kwa walichonacho," alisema. "Wengi wana nyumba."

Nilirudi mbio. Ngazi yetu ya mbao niliipeleka kwa jirani na kuisimamisha nyuma ya banda lake la kuku. Kisha nikaenda dukani, nikachapa maelezo mafupi, safi, yenye nafasi ya sahihi chini: kwamba fundi alifanya kazi kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa vifaa vyake mwenyewe, bila maelekezo ya mwenye nyumba. Nayakumbuka maneno yote. Nilijivunia hata pambizo zake.

Wodini nilimkuta Paka amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzani. Mke wake alikuwa kando ya kitanda akimenya chungwa. Nilimpa Paka karatasi. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akauliza kama Mama anajua. Nikasema anajua. Ndivyo nilivyosema, na sikutafuna maneno.

Paka akaniambia hakuna fundi wa miaka ishirini na sita anayeweza kusimama mbele ya watu akasema alisogezwa juu ya paa na mshona nguo. Alisogea mwenyewe, alikosea mwenyewe, labda miguu imezeeka. "Na dari ya watu nimeshaivunja," alisema, "nisije nikawavunjia na nyumba." Akasaini. Mke wake alinitazama mpaka nikashindwa kumtazama, na kwenye korido nilitembea kama mtu aliyeokota pochi na hataki kuulizwa.

Siku mbili baadaye mke huyo alikuja nyumbani. Nilimwona dirishani, nikajua amekuja kutushambulia na haki yake ilikuwa ni hiyo. Hakutushambulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua kitambaa na kutoa ile chaki ya bluu. Shati la mumewe lilikatwa kwa mkasi hospitalini, alisema, na chaki ilikuwa mfukoni, nzima. Akaona ni kifaa cha kazi cha mtu, akakirudisha. Kisha, wakati anasimama, akasema Mama asiwe na wasiwasi, karatasi mumewe ameshaisaini.

"Karatasi gani?" Shangazi aliuliza.

Nikaenda chumbani, nikaileta. Shangazi alivaa miwani na kuisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari kana kwamba anakagua pindo. Nilisubiri anipigie kelele, nilikuwa na majibu yangu tayari: nyumba, uzee wake, miaka arobaini na mbili ya kuinamia cherehani. Hakupiga kelele. Alinirudishia na kusema, "Imepinda hii, mwanangu." Halafu akauliza ngazi iko wapi. Nikamwambia. Akasema nikairudishe, na nipite nayo mlango wa mbele. Nilipita mtaa mzima mchana kweupe na ngazi begani, kuku wa jirani wakinisindikiza, na kila aliyekuwa barazani aliniuliza naipeleka wapi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata afisa wa kazi wa serikali, aliyepewa taarifa ya ajali na hospitali, alikuja wodini kuchukua maelezo, kwa kuwa Paka hakuweza kwenda kwake. Alikuwa mzee mtaratibu mwenye jalada la kijani, wa wale wanaoandika kila neno na kulikatia nukta. Tulikaa kuzunguka kitanda: mke wa Paka, Shangazi na mimi. Afisa akamuuliza Paka kwanza, naye akajibu kama karatasi yangu ilivyosema, neno kwa neno. Nani aliamua mahali pa kukanyaga? Yeye. Nani alimwambia asogee? Hakuna, alisogea mwenyewe.

Shangazi akainua mkono, kama mtoto darasani.

"Nilimwambia mimi," alisema.

Afisa akaacha kuandika. Shangazi akatoa chaki mfukoni na kuiweka juu ya jalada la kijani. Akasema hiyo ni yake, na ngazi ni yake, na bati zote tangu Jumatatu zimewekwa kwa maelekezo yake, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara, mtaa mzima ulimwona. Akayataja hata maneno yenyewe: songa kushoto kidogo, nione. Afisa, nadhani kwa wema, akaweka kalamu chini na kumuuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yakiandikwa yanaweza kumgharimu nyumba.

"Naelewa, baba," alisema Shangazi. "Nyumba ya kupanga ipo. Mguu wa kupanga haupo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye muda wote alijifanya amelala, alijiinua kwa kiwiko ili amwone anayesema hivyo. Nimeishi na mwanamke yule miaka ishirini na tatu, nimekula kwa mkono wake, nimevaa alichokishona, na dakika ile nilimtazama kama mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kwenye kile kiti cha hospitali, miguu yake haikufika chini vizuri. Sijaona mtu mkubwa kama yule tangu nizaliwe.

Lakini aliyekasirika alikuwa Paka. Alijaribu kuinuka, kamba ikamzuia. "Mama, unanivunjia heshima," alisema. "Mimi ni fundi. Sipandi paa kwa kuambiwa."

Shangazi akamgeukia. Sauti yake ilishuka, ikawa ile anayotumia kwa mtoto anayeogopa kupimwa. "Miaka ishirini na sita umekuwa ukitandika ubao kwanza," alisema. "Siku ile pia ulitaka kuutandika. Ulisema, na mimi nilisikia. Miguu yako haikukosea, Fundi. Nilikukataza mimi."

Paka akageuza uso ukutani na kulia. Hakuwa amelia alipoanguka, wala walipomnyoosha mfupa. Mke wake akaweka chungwa chini, akamshika bega, na mimi nikaelewa kitu ambacho karatasi yangu yenye pambizo safi isingeweza kukielewa: kwa wiki nzima mtu yule alikuwa amelala pale akiamini kwamba ufundi wake umekwisha, na nilikuwa nimemfanya aisaini imani hiyo. Niliitoa karatasi mkobani, nikamwambia afisa nani aliichapa, na kwamba nilimdanganya Fundi kuwa Mama anaijua. Akaiweka kwenye jalada bila kunitazama. Nilistahili zaidi ya hapo.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Shangazi alikuwa mwajiri. Matibabu yalikuwa juu yake, pamoja na fidia ya mguu, ambao daktari alishasema utatembea lakini hautapanda tena. Cherehani mbili zisingeweza kubeba hayo. Tukaiuza nyumba.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu na mkewe. Walikuwa tayari kuichukua kama ilivyo, na turubai juu ya lile tundu. Shangazi akakataa katakata. Alisema hampi mtu nyumba inayovuja, na paa litamalizwa kabla ya kukabidhi funguo. Wakaja mafundi wawili vijana. Kabla hawajagusa ngazi aliwaomba karatasi za bima, akazisoma zote, mbele na nyuma, kisha akanituma kwa yule dada wa bima nikahakikishe kwamba hazijaisha muda. Vijana walidhani ni mzee msumbufu, wakakonyezana, nami nikawaacha wakonyezane.

Kisha akamwita Paka. Alikuja kwa magongo, mkewe akimshika kiwiko, Shangazi akamwekea kiti ng'ambo ya barabara, mahali palepale alipozoea kusimama yeye. Akampa na chaki. Baada ya hapo akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani na kulipa dirisha mgongo. Kwa siku tatu hakutoka kuangalia. Mtu ambaye hakuweza kuniacha nifagie peke yangu alikaa chini ya paa linalogongwa misumari na hakusema neno. Sauti ya Paka ilitufikia kutoka barabarani, tulivu, kila vijana walipotaka kuhama: "Tandika ubao kwanza." Kila aliposema hivyo, mguu wa Shangazi uliacha kukanyaga cherehani. Ulisubiri kidogo, ukaendelea.

Sasa tumepanga vyumba viwili, mitaa miwili kutoka pale. Cherehani ziko chumba cha mbele, mimi nalala humo pamoja na vitambaa. Paka huitwa na watu kuwasimamia mafundi wao, na kabla ya kukubali huuliza kuhusu bima kwa ukali unaowachekesha waliomjua zamani. Sikukubaliana na yote kirahisi. Kuna siku nilipita mbele ya ile nyumba nikiwa na uchungu wa kuweza kurusha jiwe. Lakini uchungu ule haujawahi kumfikia Shangazi, au kama ulimfikia aliukunjia ndani ya pindo.

Juzi mvua ilitukuta tukitoka sokoni, tukalazimika kupita pale. Shangazi akasimama ng'ambo, chini ya mwavuli, mahali pake. Maji yalikuwa yakishuka kwenye migongo ya bati, safu kwa safu, mpaka ukingoni. Alitazama kwa muda mrefu, macho yote mawili wazi. Nikadhani najua anachokagua, nikamuuliza kwa utani kama mistari imekutana.

"Mistari siiangalii, mwanangu," alisema. "Natafuta pale alipokanyaga Fundi."

Tukaendelea kusimama, na mvua ikaingia viatuni.